Dada Nyoosha na Shule Isiyo na Darasa

Mtu akiingia katika kliniki ile kwa mara ya kwanza, hahitaji kuuliza chumba cha mazoezi ya viungo kiko wapi. Anafuata sauti tu.

"Nyoosha! Nyoosha goti, baba, usilionee huruma! Haya, tena. Usiniangalie mimi, angalia mbele. Safi kabisa!"

Sauti hiyo hupita dirisha la dawa, hupita benchi la akina mama wanaosubiri chanjo, na kufika mpaka kwa mlinzi getini, ambaye siku moja alikutwa akinyoosha goti lake mwenyewe bila kujua.

Mwenye sauti ni mwanamke mfupi, mchangamfu, mtaalamu wa tiba ya viungo. Wagonjwa wake wengi ni watu waliopatwa na kiharusi, na hao ndio waliompachika jina la Dada Nyoosha. Jina lilimkaa kiasi kwamba hata mkuu wa kliniki aliwahi kuliandika kwenye ratiba ya zamu, akashtuka, akalifuta.

Chumba chake kina vitanda viwili vya ngozi bandia iliyopasuka pembeni na kuzibwa kwa plasta, mabomba mawili ya chuma ya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea upya, kioo kirefu chenye ufa, mifuko ya mchanga, na kiti kimoja cha mbao chenye mikono. Katika chumba cha pili, ambacho mlango wake wa kati haufungwi, anafanya kazi mwenzake, mwanamume mrefu anayetengeneza vifaa vya kushikilia mikono na miguu iliyolegea. Huyo anaitwa Kimya. Wagonjwa husema Kimya akikuambia "kaa" na "simama" kwa siku moja, basi ujue siku hiyo kafurahi sana.

Dada Nyoosha alizaliwa mtoto wa tatu wa fundi viatu na mama aliyefua mashuka ya hospitali. Alisoma stashahada, akaajiriwa, kisha akasoma shahada huku akifanya kazi, akichapa usingizi kwenye viti vya nyuma vya ukumbi wa mihadhara. Siku ya kuhitimu alimwambia mumewe kwamba shule na yeye sasa basi. Alimaanisha hivyo kabisa, na huenda ingebaki hivyo kama si jambo moja lililokuwa likimrudia kila mwezi.

Wagonjwa wake walitembea vizuri chumbani mwake. Walipomaliza tiba walitoka wakiagana na kila mtu, wengine wakiwa wameiacha fimbo nyumbani makusudi. Baada ya mwezi mmoja au miwili ndugu zao walimrudia wakiwa na malalamiko yaleyale: "Dada, kwako anatembea, nyumbani anajikokota." Mwanzoni aliwalaumu ndugu. Baadaye akalaumu sakafu za nyumbani, kisha viatu, kisha hali ya hewa. Siku moja alipokuwa akimweleza binti wa mgonjwa sababu nyingine mpya kabisa, alijisikia akiongea, na akagundua kwamba hana ushahidi wa hata neno moja.

"Nabahatisha," alimwambia mumewe jioni ile. "Miaka yote hii nabahatisha, tena kwa sauti kubwa."

Mumewe ni fundi wa friji. Alikuwa amepiga magoti uani nyuma ya friji la mteja, tochi ikiwa kinywani. Aliitoa tochi. "Kubahatisha kwa sauti kubwa ndiyo ufundi wenyewe, mama watoto. Ukibahatisha kwa sauti ndogo wateja wanakukimbia."

Lakini jambo lile halikumtoka. Akaanza kusoma tovuti za vyuo, na huko akaikuta shahada ya uzamili ya sayansi ya afya inayosomwa kwa njia ya utafiti. Hakuna vipindi wala mitihani ya mwisho wa muhula. Mwombaji anakuja na swali lake, anatafuta msimamizi atakayekubali kumwongoza, anafanya utafiti, anaandika tasnifu. Aliona kama shahada hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye jambo linalomkera.

Mama mkwe, anayeishi nao, alilipokea jambo hilo jikoni huku akichambua mboga.

"Shule gani tena hiyo, mwanangu?"

"Ya utafiti, mama."

"Kuna nini kimepotea?"

"Hakuna kilichopotea, mama. Nataka kujua kwa nini wagonjwa wangu wakifika nyumbani wanarudi nyuma."

"Darasani mko wangapi?"

"Hakuna darasa. Kila mtu ana swali lake na msimamizi wake."

"Huyo msimamizi hafundishi?"

"Anasoma ulichoandika, anakurudishia."

"Kikiwa na makosa?"

"Kina makosa kila mara, mama."

Mama mkwe aliweka jani moja pembeni, akafikiri. "Basi hiyo si shule. Hiyo ni ndoa."

Ilionekana pia kuwa na uchumba wake, maana kumpata msimamizi hakukuwa kazi ndogo. Mwongozo wa chuo ulisema wazi kwamba maombi yasiyo na barua ya msimamizi hayatafunguliwa. Dada Nyoosha aliandika barua pepe kwa wahadhiri kadhaa, barua ndefu zilizoanza na maneno "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya afya ya binadamu". Mmoja alijibu kwamba yuko safarini. Mwingine alijibu kwamba eneo hilo si lake. Wengine hawakujibu kitu. Kisha likaja jibu la profesa mmoja mwanamke anayetafiti wagonjwa wa kiharusi. Lilikuwa na sentensi mbili: "Nimesoma. Swali lako ni lipi?"

Alichukia. Andiko la utafiti aliloambatanisha lilikuwa na maswali manane, na mtu anauliza swali liko wapi! Alilibeba jibu hilo kazini, akalirudisha nyumbani, na hasira ilipopoa akayasoma yale maswali manane moja baada ya jingine. Matatu yalikuwa malalamiko. Mawili yalikuwa majibu aliyoyavalisha alama ya kuuliza. Aliendelea kukata mpaka likabaki moja: je, ndugu mmoja wa mgonjwa akifundishwa mazoezi kabla mgonjwa hajaruhusiwa, mgonjwa huyo ataendelea kutembea vizuri nyumbani? Alilituma peke yake, bila utoto wala shauku. Profesa akamwita ofisini.

Ofisi ilikuwa nyembamba, rafu mpaka darini, na feni iliyokuwa ikipeperusha pembe za karatasi ambazo Profesa alizikandamiza kwa kikombe, muhuri na jiwe. Profesa hakumkaribisha chai. Alimweleza kwamba mwaka huo amebakiwa na nafasi ya mwanafunzi mmoja, kwamba kuna waombaji wengine wawili wanaoitaka, na kwamba dirisha la maombi linafungwa mwisho wa mwezi unaofuata.

"Swali lako ni zuri," alisema. "Sasa utapima vipi huko kutembea?"

Dada Nyoosha alieleza kipimo kinachoitwa Inuka-Uende, kinachotumika kliniki nyingi. Mgonjwa anakaa kwenye kiti. Akiambiwa aanze anainuka, anatembea mpaka kwenye alama sakafuni, anageuka, anarudi, anakaa. Saa ya sekunde inahesabu. Kadiri muda unavyopungua ndivyo mwendo ulivyo bora.

"Kwenye kliniki yako kinasimama?"

"Kinasimama vipi, Profesa?"

"Ukimpima mtu leo na ukampima wiki ijayo, na hapo katikati hakuna kilichobadilika, majibu yanatakiwa yakaribiane. Yasipokaribiana, chochote utakachokipata baadaye ni upepo. Nenda kawapime wagonjwa wako ambao hali zao zimetulia, mara mbili. Kiti kilekile, umbali uleule. Unasema 'anza', basi. Usihimize."

"Nikiwahimiza wote sawasawa?"

"Unaweza?"

Dada Nyoosha alimfikiria mama mmoja ambaye bila maneno matamu hainuki, na dereva mmoja ambaye bila kukaripiwa haendi. "Siwezi," alisema.

"Basi nyamaza. Niletee majibu, nami nitajua kama nitie saini."

Mkuu wa kliniki hakuwa na kipingamizi, kwa kuwa kipimo chenyewe ni cha kazi ya kila siku na majina ya wagonjwa yasingetoka nje. Dada Nyoosha alibandika plasta sakafuni kwa alama, akakiweka kiti cha mbao mahali pake, akawakusanya wagonjwa kumi na wawili. Hapo ndipo aliposema maneno ambayo baadaye angetamani kuyarudisha kinywani.

"Hiki ni kipimo tu, wapendwa wangu. Kuna profesa anataka kukiona, ndipo anipokee chuo. Wiki ijayo tutapima tena."

Kwake yeye yalikuwa maelezo. Kwa watu kumi na wawili waliosomeshwa shule za viboko, ulikuwa mtihani, na wiki ijayo marudio.

Wa kwanza kupimwa alikuwa mwamuzi wa zamani wa mpira wa miguu, ambaye pale kliniki kila mtu anamwita Refa. Mguu wake wa kushoto huburuta kidogo, lakini kifua bado kiko mbele kama siku za uwanjani. Aliinuka, akaenda, akageuka, akarudi, akakaa, akasubiri. Siku zote akifika hapo huambiwa kitu. Dada Nyoosha alitazama saa, akaandika namba.

"Asante. Anayefuata."

Aliyefuata ni mwanamke anayeuza nguo za kupima kwa mita katika duka mkabala na kliniki. Wanamwita Mama Vitambaa. Yeye ndiye yule wa maneno matamu. Alipofika kwenye plasta aligeuza kichwa kutafuta neno "safi", akaukuta uso mkavu kama ukuta, na hatua zake za kurudi zikapungua nguvu. Dereva wa lori mstaafu, yule wa kukaripiwa, alimaliza akauliza kwa wasiwasi, "Dada, unaumwa?" Dada Nyoosha alitikisa kichwa. Kukaa kimya kulimgharimu jasho. Alikuwa ameuma midomo kwa ndani, na aliyemwona kwa nje aliona mtu aliyenuna.

Walipotoka walikaa kwenye benchi la nje, wakaangaliana.

"Mmeuona uso ule?" Refa alianza.

"Hajaniambia hata safi," alisema Mama Vitambaa. "Mimi! Mtu ambaye naambiwa safi hata nikianguka."

"Tumefeli," alisema Dereva. "Tusizungushane."

"Tumemwangusha," Refa alirekebisha. "Yule binti atanyimwa chuo kwa ajili ya miguu yetu hii. Miaka mingapi anatushika kwapa hapa? Leo kaomba kitu kimoja."

"Si amesema wiki ijayo tena?"

"Ndiyo nakwambia, mama. Katupa marudio."

Kuanzia kesho yake alasiri, kibaraza cha duka la Mama Vitambaa kiligeuka uwanja wa mazoezi. Umbali walioukumbuka waliupima kwa mita ya nguo. Kiti kilikuwepo. Refa alikuja na filimbi yake ya zamani na saa ya mkononi, akapanga wachezaji tisa. Watatu wanaoletwa na ndugu kutoka mbali hawakuweza kuhudhuria. Hakuna aliyemwambia Dada Nyoosha, kwa sababu zawadi haitangazwi. Walitembea, wakarudia, wakachambua. Dereva ndiye aliyegundua siri kubwa.

"Kona ndiyo inayokula muda," alisema. "Tunageuka kama lori lenye tela. Mguu mbovu uwe ndani, mzima uzunguke nje, uone."

Wakajaribu. Ni kweli, muda ulipungua. Refa alipuliza filimbi, na wateja wa vitambaa wakapiga makofi.

Wiki ikapita. Dada Nyoosha aliweka kiti palepale, akakaza midomo, akasema "anza". Refa aliinuka kama aliyechomwa, akafika kwenye plasta, akageuka kwa mguu mzima na kurudi kabla ya saa kufika hata karibu na mahali ilipofika wiki iliyopita. Dada Nyoosha aliitikisa saa. Mama Vitambaa, ambaye tangu ugonjwa umpate hakuwahi kuinuka bila kushika mkono wa kiti, aliinuka mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Dereva alipiga kona ileile. Wote tisa walikuwa na kona moja, kana kwamba imeshonwa na fundi mmoja. Wale watatu wa mbali tu ndio waliotembea kama kawaida yao.

Kwa muda mfupi alifurahi. Ni vigumu kwa mtu wa kazi ile kuona miguu inaruka asifurahi. Kisha akaitazama karatasi kwa jicho la Profesa. Namba za wiki hii na za wiki iliyopita hazikuonekana kuwa za watu walewale.

"Mama Vitambaa," alisema polepole, "nani amekufundisha kugeuka hivyo?"

"Mungu tu, dada."

Wakati huohuo Refa alichomoa leso mfukoni, na filimbi ikadondoka sakafuni, ikabiringika mpaka kwenye mguu wa kiti.

Hakuna aliyeiokota. Kimya alitokeza kichwa kutoka chumba cha pili, akaitazama filimbi, akamtazama Refa, akarudisha kichwa chake.

"Mzee," alisema Dada Nyoosha, "niambie."

"Nikuambie nini, binti? Tumefanya mazoezi. Si wewe unayetuimbia kila siku tufanye mazoezi? Leo tumefanya, umekasirika tena."

"Tena? Lini nilikasirika?"

"Wiki iliyopita!" Mama Vitambaa alidakia. "Ulinuna, dada. Hata salamu ya kuagana uliitoa puani."

"Sikununa! Niliambiwa ninyamaze!"

"Na nani?"

"Na Profesa. Kipimo hakitaki kelele."

Dereva alikuwa wa kwanza kucheka, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo kama ugonjwa ulivyomwachia. "Mtu amenyamaza siku moja," alisema, "watu wazima tisa tumekimbia wiki nzima."

Dada Nyoosha aliketi kwenye kile kiti. Akawaeleza kwa upole kwamba Profesa hakutaka waende haraka. Alitaka waende vilevile. Majibu yalitakiwa yafanane, na sasa hayafanani, na bila majibu hayo saini haipo, na bila saini maombi hayafunguliwi.

Refa aliondoa kofia. Mtu huyu, kwa miaka yote aliyopuliza filimbi, alikataa chakula cha bure kwenye mahoteli ya timu mwenyeji ili asije akasemwa kahongwa. Aliinama mbele, akashusha sauti.

"Binti, usilie. Hili linatengenezeka. Tupange siku nyingine, tutembee polepole kama mwanzo. Wewe sema tu sekunde unazozitaka."

"Mzee Refa!"

"Kila mtu utampa zake. Dereva usimpe nyingi, anasahau."

Dada Nyoosha akacheka, hakuweza kujizuia, na katika kucheka huko machozi yakamtoka kweli. Mama Vitambaa akampa kipande cha kitambaa kutoka mkobani. Alikuwa navyo vingi.

Jumapili mchana, nyumba ikiwa imetulia na mama mkwe amelala, Dada Nyoosha alifungua kompyuta mezani. Alikuwa ameona njia nyingine, safi zaidi kuliko ya Refa, na kwa hiyo ya hatari zaidi. Wale watatu wa mbali hawakushiriki mazoezi ya kibarazani. Majibu yao ya wiki ya kwanza na ya pili yalikaribiana kama mapacha. Angeweza kutuma ya hao peke yao. Asingeandika uongo hata neno moja: wagonjwa watatu, vipimo viwili, majibu yanakaribiana. Aliandika sentensi hiyo. Ilikaa vizuri kwenye skrini.

Mumewe alipita na bisibisi mkononi, akasoma kutoka nyuma ya bega lake. "Hao ni watatu. Wengine?"

"Waliharibika."

"Waliharibikaje?"

Akaanza kueleza, na ikabidi aeleze kwa kirefu, kibaraza, mita ya nguo, kona ya lori, filimbi. Mumewe alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka alisema tu, "Hiyo hapo ndiyo habari. Hii uliyoandika ni nini?" akaenda zake uani.

Alikaa akiitazama ile sentensi. Aliwaza zile sababu alizokuwa akiwabahatishia ndugu za wagonjwa miaka yote. Kama angeingia chuo kwa wagonjwa watatu waliochaguliwa, angekuwa anaendelea kubahatisha, ila safari hii kwa kibali. Aliifuta sentensi. Akaandika majibu ya wote kumi na wawili, na chini yake akaeleza kilichotokea, pamoja na maneno yake mwenyewe ya siku ya kwanza na uso wake mkavu. Hakujitetea. Akatuma, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Profesa alipiga simu Jumanne, wakati Dada Nyoosha yuko na mgonjwa kitandani.

"Nimesoma. Filimbi ilikuwa ya kweli?"

"Ya kweli, Profesa."

Ikasikika mikwaruzo simuni. Haikujulikana kama upande wa pili mtu anacheka au anatafuta karatasi.

"Kwa kawaida, ukiwa na wagonjwa wako, unanyamaza?"

"Sinyamazi kabisa."

"Ndiyo maana. Wewe huwezi kuwapima watu wako. Ukisema unawabadilisha, usiposema unawabadilisha zaidi. Na huko nyumbani kwao, ambako unasema wanajikokota, wewe upo?"

Dada Nyoosha aliuachia mguu wa mgonjwa. Mgonjwa kitandani alimwangalia kwa hofu.

"Sipo," alisema.

"Fikiria hilo, liingize kwenye andiko. Lakini majibu haya siwezi kuyatilia saini. Kuna mtu mwingine hapo wa kupima? Mtu asiyehimiza na asiyenuna?"

Dada Nyoosha aligeuka. Kupitia mlango wa kati alimwona Kimya ameinama juu ya sinia la maji ya moto, akilainisha kipande cha plastiki cha kushikilia kifundo cha mkono, uso wake ukiwa kama ulivyokuwa asubuhi, jana, na mwaka juzi.

"Yupo," alisema.

"Apime yeye, mara mbili, wiki moja kati. Kona wameshajifunza, hatuwezi kuwanyang'anya. Tuone kama watasimama hapo walipo. Ukiwahi kabla dirisha halijafungwa, sawa. Usipowahi, yule mwombaji mwingine andiko lake liko tayari."

Safari hii Dada Nyoosha aliwaambia wagonjwa maneno machache, ambayo kwanza alimsomea Kimya, naye akaitikia kwa kichwa. Hakuna mtihani, hakuna marudio, hakuna anayefeli. Filimbi ilikabidhiwa kwa Mama Vitambaa, ikafungiwa kwenye droo ya duka. Dada Nyoosha aliwekwa nje ya chumba, kwenye korido, mlango umefungwa. Ulikuwa mlango ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuufunga, na bawaba zake zililia.

Kimya alisema "anza" mara kumi na mbili, na wiki iliyofuata akasema tena mara kumi na mbili. Hakuna mgonjwa aliyemwonea shaka. Kunyamaza kwa Kimya hakukuwa habari. Namba zilitoka zikiwa zimekaribiana, mtu kwa mtu, isipokuwa Refa, ambaye siku ya pili alisimama katikati ya njia kumsalimia mama wa chanjo aliyepita dirishani. Hilo nalo liliandikwa.

Barua ya msimamizi ilifika ikiwa imebaki siku mbili dirisha lifungwe. Dada Nyoosha aliiambatanisha na maombi, mumewe akashika simu ili mtandao usikatike, mama mkwe akasimama nyuma yao akiuliza kama mahari imekubaliwa. Baada ya wiki kadhaa chuo kilijibu kwamba amepokelewa, kwa masharti kwamba kamati ya maadili ya utafiti ipitishe andiko lake kabla hajaanza kazi. Likapita kwa marekebisho. Mmojawapo wa mistari mipya, katika sehemu ya mbinu, unasema kwamba vipimo vyote vitachukuliwa na mtu asiyemtibu mgonjwa, na kwamba mtafiti atakuwa nje ya chumba.

Kwa hiyo siku hizi, asubuhi za vipimo, anayeingia katika kliniki ile akifuata sauti hupotea kidogo. Korido ni tulivu. Dada Nyoosha amesimama na mgongo ukutani karibu na mlango uliofungwa, fomu zimebanwa kwapani, kiganja kiko mdomoni. Ndani, kiti kinasikika kikikwaruza sakafu. Kisha hatua: moja nzito, moja ya kuburuta, nzito, ya kuburuta, mpaka kwenye plasta.

"Yupo nje?" inasikika sauti ya Refa.

Kimya hajibu.

"Dada!" Refa anapaza sauti kuelekea mlangoni. "Nimenyoosha!"

Huko koridoni Dada Nyoosha anakandamiza kiganja mdomoni, mabega yanamtikisika, na hasemi kitu.